Maswali ya Wasomaji: Asilimia ya Nani?

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja: namna ya kupima matumizi ya teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, katika biashara na katika uchumi mzima. Barua ndefu tumezifupisha bila kugeuza maana.

SWALI: Waheshimiwa wahariri, tuliuliza biashara 300, "Je, mnatumia kompyuta?" Karibu zote zilijibu ndiyo. Wadadisi waliofika mlangoni wanasema katika nyingi waliona simu tu juu ya meza. Nani amekosea, mhojiwa au mdadisi?

JIBU: Aliyekosea ni dodoso. Kwa mhojiwa, kompyuta ni chochote chenye kioo kinachofungua intaneti. Kwa watakwimu maana ni finyu zaidi. Orodha ya viashiria vya msingi ya Ushirikiano wa Kupima TEHAMA kwa Maendeleo, chombo kilichozinduliwa Juni 2004 huko São Paulo, inahesabu kompyuta za mezani, za mpakato, vishikwambi na mashine kubwa za ofisini. Simu janja na runinga hazimo, hata pale simu inapokuwa na nguvu kuliko kompyuta iliyowekwa pembeni yake. Mpaka huo umeanza kupitwa na wakati, lakini ukiuvuka peke yako, namba zako hazitafanana na za mtu mwingine yeyote.

Liandike swali lako hivi: "Katika miezi 12 iliyoishia tarehe 31 Desemba, je, biashara hii ilitumia kompyuta katika shughuli zake? Hesabu kompyuta ya mezani, mpakato, kishikwambi na seva. Usihesabu simu." Ufafanuzi uwe ndani ya swali lenyewe. Ukiupeleka kwenye kijitabu cha maelezo, hakuna atakayekifungua. Angalia pia kitenzi: tumeuliza "ilitumia", hatukuuliza "ina". Kompyuta ya kukodi inahesabiwa. Iliyofunikwa kitambaa tangu mwaka juzi haihesabiwi.

Kuna mtego wa pili, na huu ndio unaoharibu tafiti nyingi. Madodoso ya zamani yana maelekezo haya baada ya swali la kompyuta: "Kama hapana, nenda mwisho wa dodoso." Siku hizi biashara yaweza isiwe na kompyuta hata moja na bado ikatumia intaneti kutwa nzima kwa simu. Kwa ufafanuzi wa kimataifa hiyo ni mtumiaji wa intaneti, kwa sababu kiashiria cha intaneti hakidai kompyuta. Ukimruhusu aruke, umemfuta. Toa mruko huo. Jedwali lako likionyesha intaneti 70% na kompyuta 55%, usidhani umekosea kuingiza data.

Swali la tatu la familia hiyo ni la watu: wangapi hutumia kompyuta kazini mara kwa mara, maana yake angalau mara moja kwa wiki? Hapo omba idadi, usiombe asilimia. Ukiomba asilimia utaletewa 50, 80 na 100, maana mhojiwa anakisia. Ukiomba idadi ("watu 11, wanaotumia 4") atahesabu vidole na kukupa jibu la kweli. Na hao 11 wawe watu wote wanaofanya kazi pale, akiwemo mwenye biashara mwenyewe na ndugu wasiolipwa mshahara, mradi wanafanya kazi.

SWALI: Nimepewa namba tatu kutoka utafiti mmoja: biashara zenye tovuti ni 57%, ni 43%, na ni 66%. Bosi anataka moja kabla ya saa nane mchana. Nimpe ipi?

JIBU: Huenda zote tatu zimepigwa hesabu sawasawa. Tuchukue mfano wa kubuni tuone zinavyozaliwa.

Rejista ina biashara 5,000: ndogo (watu 10 hadi 49) ni 4,600, za kati (50 hadi 249) ni 320, kubwa (250 na zaidi) ni 80. Huwezi kuzitembelea zote, kwa hiyo umechagua ndogo 230, za kati 80, na kubwa zote 80. Kubwa huchukuliwa zote kwa sababu ni chache na kila moja inabeba wafanyakazi na mauzo mengi. Ukiikosa moja, jumla inayumba. Wenye tovuti wametokea kuwa ndogo 92, za kati 56, kubwa 76.

Mtu wa haraka atajumlisha: 224 kati ya 390, sawa na 57%. Hiyo ni asilimia ya sampuli. Haimwakilishi mtu yeyote nje ya karatasi zako, kwa sababu kubwa zimejazana kwenye sampuli kuliko zilivyo katika hali halisi.

Sasa weka uzani. Kila biashara ndogo uliyoifikia inasimama badala ya 4,600 ÷ 230 = 20. Ya kati inasimama badala ya 4, na kubwa inajisimamia yenyewe, 1. Kwa hiyo 92 × 20 = 1,840; 56 × 4 = 224; 76 × 1 = 76. Jumla ni 2,140 kati ya 5,000, yaani 42.8%. Hii ndiyo asilimia ya biashara zenye tovuti.

Ya tatu inatoka wapi? Chukulia wastani wa watu ni 18 kwa ndogo, 110 kwa za kati na 900 kwa kubwa. Wafanyakazi wote ni 82,800 + 35,200 + 72,000 = 190,000. Tukichukulia pia kwamba wenye tovuti na wasio nayo katika kila tabaka, yaani kila kundi la ukubwa, wana wastani huohuo, waliomo katika biashara zenye tovuti ni kama 126,160, sawa na 66%. Swali limebadilika bila mtu kusema: sasa tunauliza ni wafanyakazi wangapi wako chini ya paa lenye tovuti.

Mpe bosi 43% kama anauliza kuhusu biashara, 66% kama anauliza kuhusu nguvukazi, na 57% iache kwenye kompyuta yako. Kisha andika chini ya jedwali: "Biashara zenye watu 10 na zaidi." Bila maneno hayo msomaji atadhani umewahesabu na wale wenye watu wawili, ambao hawakuwamo kwenye rejista yako kabisa. Nchi za Umoja wa Ulaya hutangaza takwimu zao kuu kwa biashara za watu 10 na kuendelea. Mahali ambapo biashara nyingi ni za mtu mmoja au wawili, kulinganisha asilimia yako ya biashara zote na ile ya kwao ni kujidhulumu bure.

Moja zaidi kabla ya saa nane: "tovuti" hapa ni pamoja na ukurasa ndani ya tovuti ya mwingine au kwenye mtandao wa kijamii, mradi biashara yenyewe ndiyo inayoamua kinachoandikwa humo. Jina kuorodheshwa tu kwenye saraka ya mtandaoni halitoshi.

SWALI: Sampuli ya biashara ngapi inatosha? Nimesikia 385 inatosha popote duniani.

JIBU: Inatosha kwa jibu moja tu. Ile 385 inatokana na 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05², nayo ni 384.16. Maana yake: uhakika wa 95%, kosa la pointi 5 juu au chini, sampuli ya bahati nasibu ya kawaida, na hali mbaya kuliko zote ambapo nusu wanasema ndiyo. Ukitaka namba yenye ubora huo kwa kila sekta, na sekta ni 10, unahitaji 385 kwa kila moja, karibu 3,850. Hapa ndipo bajeti nyingi hufia.

Kwa upande mwingine, kundi dogo linapunguza mzigo. Sekta yenye biashara 600 tu inahitaji 384.16 ÷ (1 + 383.16 ÷ 600), kama 235. Halafu ongeza watakaokataa: ukitarajia sita kati ya kumi wajibu, 235 ÷ 0.6 inakupa 392 za kuanzia.

Kutojibu si suala la idadi tu. Ukituma dodoso la TEHAMA kwa kiungo cha mtandaoni peke yake, wasiotumia intaneti hawatajibu, na waliojibu watakuambia matumizi ni karibu 100%. Ukirekebisha uzani kwa kugawa zile biashara ndogo 4,600 za mfano wetu wa juu kwa waliojibu 184 badala ya 230, kila mmoja anabeba 25 na jumla inarudi 4,600, lakini upendeleo unabaki palepale. Tiba ni simu na miguu: chagua sehemu ya wasiojibu, wafuate, waulize maswali matatu tu, uone kama wanafanana na waliojibu.

SWALI: Wateja wetu wanaagiza kwa ujumbe wa WhatsApp na kulipa kwa simu. Tumejaza kwamba asilimia 90 ya mauzo yetu ni biashara ya mtandaoni. Karani wa takwimu ameikata. Ana haki?

JIBU: Anayo, kwa kigezo anachotakiwa kukifuata. OECD, shirika la nchi zinazoshirikiana kiuchumi, iliweka ufafanuzi mwaka 2009: muamala unahesabiwa kuwa wa kielektroniki pale oda inapopokelewa au kutolewa kupitia mtandao wa kompyuta kwa njia iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Ukurasa wenye kikapu cha manunuzi umo. Programu ya kuagizia imo. Mifumo miwili ya kompyuta inayopelekeana oda yenyewe kwa yenyewe imo. Simu ya kupiga, faksi na barua pepe iliyoandikwa kwa mkono havimo, na ujumbe wa kuandika "nitumie katoni tatu" ni ndugu wa hiyo barua pepe. Mtu lazima ausome, auelewe, kisha aiingize oda.

Malipo hayana neno lolote hapa. Oda ya tovuti iliyolipwa taslimu mlangoni ni biashara ya mtandaoni. Oda ya mdomo iliyolipwa kwa simu siyo. Wahojiwa wengi hugeuza mambo haya mawili, kwa hiyo andika ndani ya swali: "Malipo na usafirishaji si lazima vifanyike mtandaoni."

Lakini karani asiishie kukata. Biashara inayoendeshwa kwa ujumbe ni jambo kubwa mno kulitupa. Ongeza mstari wa pili kwenye dodoso: "Je, mlipokea oda kwa ujumbe ulioandikwa na mteja kupitia programu ya mawasiliano au mtandao wa kijamii?" Ichapishe peke yake, usiijumlishe na ile ya kwanza. Hivyo ulinganifu wa kimataifa unabaki na ukweli wenu hauzikwi.

Kuhusu thamani: omba mauzo ya mtandaoni bila kodi ya ongezeko la thamani, na umwambie anayeuza kupitia jukwaa kwa kamisheni mapato yapi ahesabu. Jukwaa linaandika kamisheni yake. Muuzaji anaandika bei ya bidhaa. Wote wawili wakiandika bei ya bidhaa, umehesabu katoni moja mara mbili.

SWALI: Inakuwaje nchi iwe na laini za simu nyingi kuliko watu, na bado tuambiwe wengi hawana mawasiliano?

JIBU: Laini si mtu. Mmoja ana laini tatu, mwingine hana, na mashine ya kupokelea malipo inaweza kuwa na yake. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, huhesabu laini ya malipo ya kabla ikiwa imetumika ndani ya miezi mitatu iliyopita, na hapo ndipo makampuni yanapoanza kutofautiana. Ukitaka watu, waulize watu, kwa utafiti wa kaya. Takwimu za makampuni ya simu ni nzuri kwa kupima mtandao na soko.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uchumi. Nimekuta mchango wa uchumi wa kidijitali duniani ukitajwa kuwa 4.5% ya pato, kwingine 15.5%, na vyote viwili viko katika ripoti moja ya 2019 ya UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo. Hili ni kosa la uchapaji?

JIBU: Si kosa. Ripoti ilitoa makadirio mawili kwa sababu ya fasili mbili, finyu na pana, na mwanafunzi anayetaja moja bila kusema fasili yake anastahili alama pungufu.

Fasili inayoshikika vizuri ni ya sekta ya TEHAMA. OECD iliitengeneza 1998 na kuirekebisha 2007 ili iendane na ISIC, mpangilio wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, toleo la 4. Ndani yake kuna utengenezaji wa vifaa vya TEHAMA (misimbo ya ISIC 2610, 2620, 2630, 2640, 2680), uuzaji wa jumla (4651 na 4652), uchapishaji wa programu (5820), mawasiliano ya simu (61), utengenezaji wa programu na ushauri wa kompyuta (62), usindikaji wa data na milango ya mtandao (631), na ukarabati wa kompyuta na vifaa vya mawasiliano (951). Duka la rejareja la simu halimo. Wanafunzi hulisahau hilo, na namba zao huvimba.

Ukishapata misimbo, jumlisha thamani iliyoongezwa, usijumlishe mauzo. Muuzaji wa jumla aliyenunua mitambo kwa 900 na kuiuza kwa 1,000 amechangia karibu 100, ukitoa na gharama nyingine alizonunua nje. Ukimwandikia 1,000, umemzawadia kazi ya kiwanda.

Bado kuna tatizo ambalo misimbo haitalimaliza. Biashara huwekwa kwenye sekta moja kwa shughuli yake kuu. Benki yenye watengeneza programu 300 iko yote kwenye fedha. Kampuni ndogo yenye watu 12 wanaofanya kazi ileile iko TEHAMA. Benki ikiamua kuwahamishia wale 300 kwenye kampuni tanzu, sekta ya TEHAMA "inakua" asubuhi moja bila mstari mmoja mpya wa programu kuandikwa. Ndiyo maana tunakushauri uweke jedwali la pili pembeni: ajira za TEHAMA kwa kazi ya mtu, bila kujali mwajiri ni nani.

SWALI: Tumenunua kompyuta kila mwaka. Vitabu vinaonyesha uwekezaji wa TEHAMA unashuka. Tena tija haionekani popote. Tunapima nini hasa?

JIBU: Mnapima fedha, na bei imewachezea. Kama mwaka wa kwanza mlinunua mashine 10 kwa 1,000 kila moja, na mwaka wa pili mashine 10 zenye uwezo maradufu kwa 800 kila moja, vitabu vinasema uwekezaji umeshuka kutoka 10,000 hadi 8,000. Kiasi cha kompyuta mlichopata kimepanda. Ili kukiona, watakwimu hutenga bei kwa sifa: kasi, kumbukumbu, nafasi ya kuhifadhi kila moja inachangia kiasi gani katika bei, kisha huuliza kifaa chenye sifa zilezile kingegharimu kiasi gani mwaka uliopita. Marekani iliingiza njia hiyo kwenye hesabu zake za taifa mwaka 1985, ikishirikiana na kampuni ya IBM. Ina wakosoaji, na chaguo la sifa linaweza kusogeza matokeo sana, lakini kutorekebisha kabisa ni kosa kubwa zaidi.

Kingine kinachopotea ni programu. Kabla ya Mfumo wa Hesabu za Taifa wa 1993, programu iliyonunuliwa ilichukuliwa zaidi kama matumizi ya kawaida, sawa na karatasi. Tangu hapo ni rasilimali, na toleo la 2025 limeongeza data. Programu mliyoitengeneza wenyewe haina ankara, kwa hiyo hukadiriwa kwa gharama: mishahara ya watengenezaji kwa sehemu ya muda wanaotengeneza kitu kipya, pamoja na gharama za uendeshaji. Muda wa kuzibua matatizo ya kila siku hautiwi. Kama mhasibu wenu hana karatasi ya muda, hiyo sehemu ni kisio.

Kuhusu tija, mwanauchumi Robert Solow aliandika mwaka 1987 kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija, na ubishi haujakwisha. Katika biashara moja sababu ya kawaida haina maajabu: mashine imekuja, utaratibu haujabadilika. Oda inaandikwa kwenye daftari, kisha inaingizwa kwenye kompyuta, kisha inachapwa na kuwekwa kwenye faili. Kazi imekuwa tatu. Dodoso linalouliza "mna mfumo wa kusimamia mauzo?" litaandika ndiyo. Liulize badala yake: "Oda moja huingizwa kwa mkono mara ngapi?"

SWALI: Tunataka kuboresha swali letu la intaneti lililotumika miaka sita. Wengine wanasema tukiligusa tutaharibu mfululizo.

JIBU: Mtaukata, na wakati mwingine lazima ukatwe. Hata Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, katika faharisi yake ya uzito wa kidijitali, inayohesabu biashara ina vipengele vingapi kati ya 12 vya matumizi ya teknolojia (0 hadi 3 ni chini sana, 4 hadi 6 chini, 7 hadi 9 juu, 10 hadi 12 juu sana), hubadilisha baadhi ya vipengele mwaka hadi mwaka, na msomaji hatakiwi kulinganisha miaka hiyo kana kwamba ni rula moja.

Fanyeni hivi. Mwaka mmoja tu, gaweni sampuli kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka: nusu wapate swali la zamani, nusu jipya. Tofauti kati ya nusu hizo ndiyo athari ya maneno, si ya uchumi, ingawa nusu sampuli inaongeza kosa, kwa hiyo tofauti ya pointi mbili isiwatie homa. Chapisheni namba zote mbili mwaka huo. Kuanzia mwaka unaofuata tumieni jipya peke yake, na kwenye grafu wekeni mstari wa nukta pale mfululizo ulipokatika. Msiiunganishe mistari miwili kwa kalamu.